Suala Lako Linashughulikiwa

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu hiki si changu. Bunge lilimletea Mheshimiwa mwezi Januari, jalada jekundu, kila siku na ukurasa wake, naye akaandika kurasa nne tu: tatu za vikao na moja ya daktari. Halafu akafa. Leo ni wiki ya tatu tangu tumzike, na mimi niliyekuwa karani wake kwa miaka tisa nimeona ni dhambi karatasi nzuri namna hii kukaa bure.

Ofisi ipo palepale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha mbele changu, cha nyuma chake. Kibao bado kinasema Ofisi ya Mbunge. Asubuhi nilipiga simu bungeni kuuliza kama nifunge au niendelee. Afisa wa majimbo, yule mwenye sauti ya mafua, akanijibu, "Endelea, dada. Pokea barua, jibu, mwisho wa mwezi nitumie ripoti kama kawaida. Tusiwaache wananchi yatima." Nilifurahi. Mshahara unaendelea, na kusema kweli nisingejua mikono yangu niipeleke wapi.

Nimefungua daftari jipya la barua na majibu yake. Namba moja hadi saba leo, zote zimejibiwa kabla ya saa tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imerudi. Dari inavuja palepale pa mwaka jana. Nimetega ndoo.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mstaafu amepanda ngazi leo, anahema. Mji mzima unamwita Kifungu kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kukutajia kifungu cha sheria. Akaketi bila kukaribishwa, akaweka mwavuli wake unaochuruzika juu ya mafaili yangu.

"Karani, Spika ameshaiandikia Tume ya Uchaguzi?"

Nikamwambia hayo ni ya wakubwa, mimi sijui. Akanisomesha kama niko darasa la nne. Kiti kikiwa wazi, Spika anatakiwa aiandikie Tume. Akishaandika, Tume ina siku tisini za kuitisha uchaguzi mdogo. Isipokuwa kama uhai wa Bunge umebaki chini ya miezi kumi na miwili. Hapo hawalazimiki tena, kiti kinaachwa kitupu hadi uchaguzi mkuu.

"Na siku ya mwisho ni tarehe kumi na tano Juni," akasema. "Ukiona hawaandiki, ujue wanahesabu siku."

"Mwalimu, serikali nzima ikae inahesabu siku kwa ajili ya kajimbo haka?"

"Kwa ajili ya kajimbo haka ambako wanajua watashindwa, ndiyo."

Aliniachia barua ndefu ya kumtaka Spika atimize wajibu wake. Namba 38. Nimeijibu kama ninavyozijibu zote: Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa. Muhuri, saini, kwa niaba ya Mbunge. Mzee yule ana muda mwingi kuliko kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amevuka leo kuja kliniki kuchukua dawa zake za presha za mwezi. Anaishi ng'ambo ya mto, na akishapata dawa hupanda huku kwangu kunywa chai na kunikosoa. Safari hii amekuja na sketi imelowa hadi magotini. Daraja la miguu limepoteza mbao mbili.

Alikuwa na barua ya majirani kuhusu daraja. Niliipokea, nikaigonga muhuri, nikamwandikia jibu hapohapo akinitazama.

"Soma," akasema. Mama alijifunza kusoma ukubwani na hapendi kusomewa, lakini miwani aliisahau.

"Suala lako linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na ofisi, mama."

"Ofisi ina mikono?"

Nikamweleza kwa utaratibu. Fedha za daraja ziko kwenye mfuko wa jimbo. Mfuko una kamati. Mwenyekiti wa kamati, kwa sheria, ni mbunge. Hakuna mbunge, kamati haikai. Kamati isipokaa, hakuna ubao.

"Basi waandikie hivyo hivyo. Kwamba mtu amekufa na kamati haikai."

"Haiandikwi hivyo, mama. Watu watavunjika moyo."

Akapuliza chai yake muda mrefu. "Wewe mtoto una kiherehere tangu udogoni. Mwalimu akiuliza swali, hata hajamaliza, mkono wako uko juu. Sasa swali kaulizwa maiti, na bado ni wewe unayejibu."

Niliudhika. Nilimsindikiza mpaka mtoni lakini sikumsemesha sana.

Jumanne, 1 Aprili

Nimetuma ripoti ya Machi. Barua zilizopokelewa 96, zilizojibiwa 96. Afisa amenipigia mwenyewe: "Dada, unaongoza nchi nzima. Kuna majimbo yana wabunge wazima na hawajibu hata nusu." Nimejinunulia kiatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua usiku na mchana. Waziri amesema redioni kwamba uchaguzi mdogo utaangaliwa pale hali ya fedha na ya hewa itakaporuhusu. Mlinzi wa duka la chini alikuwa anasikiliza mlangoni. "Mvua hiihii ndiyo tuliyomzikia," akasema. "Kuzika tuliweza."

Jumatatu, 14 Aprili

Daraja limekwenda. Mtu wa ng'ambo alipiga simu alfajiri. Hakuna hata kigingi. Sasa anayetaka kuvuka azunguke kwa barabara ya machimbo ya mchanga, saa tatu kwa gari, na gari lenyewe ni lori la mchanga likiwa na nafasi.

Barua kumi na nne, zote za daraja. Zote linashughulikiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: nimemrushia mama yangu dawa kama mtu anayemrushia mbwa mfupa.

Dawa zilikuwa zinakwisha. Kliniki walinipa za mwezi kwa jina lake, nikazitia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, nikaongeza kokoto nne kwa uzito, nikalifunga kwenye mfuko. Mlinzi wa duka alikubali kuja nami saa ya chakula. Anajisifu kwamba alicheza mpira wa mikono shuleni. Mto ulikuwa mwekundu na una sauti. Ng'ambo nilimwona mama chini ya mwavuli, mdogo, kama si yeye. Mlinzi alirudi nyuma hatua sita, akakimbia, akarusha. Kopo likaangukia kwenye majani ya upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, halafu nikaona aibu.

Mama aliliokota, akalitikisa sikioni. Kisha akapaza sauti, mkono mdomoni:

"Mwambie mheshimiwa wako ahsante!"

Watu wa pande zote mbili wakacheka. Nikapaza na mimi: "Mama, nenda nyumbani, unalowa!"

"Nitamwandikia mwenyewe! Labda yeye atanisikia kuliko wewe!"

Hakunipungia mkono. Aligeuka akapanda kilima, anasimama kila baada ya hatua chache. Kurudi ofisini nilikuta barua tano, nikavuta kalamu.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikuwa natafuta karatasi za kuandikia, zimekwisha kwangu, nikaingia chumba cha nyuma na kufungua droo yake ya chini. Humo nimekuta faili la daraja. Michoro, kibali cha mhandisi, muhtasari wa kamati, kila kitu. Limekosa saini moja tu, ya Mheshimiwa. Tarehe yake ni miaka miwili iliyopita. Juu ya jalada kuna duara la kikombe.

Miaka miwili nilikuwa nawajibu watu wa ng'ambo kwamba linashughulikiwa, na nilikuwa naamini.

Kifungu amekuja mchana, nami kwa hasira nikamwonyesha. Nikamwuliza, huo uchaguzi mdogo anaoupigania ni wa nini, kama aliyekuwepo akiwa hai alifanya hivi? Alilitazama lile duara la kikombe.

"Mbunge mbovu unaweza kumwondoa, Karani. Kiti kitupu utakiondoa vipi?"

Halafu akaniambia alilokuja nalo. Amefungua shauri mahakamani, Spika alazimishwe kuandika. Wakili hana, atasimama mwenyewe. Anataka shahidi wa kusema mbele ya jaji kwamba jimbo halina mbunge na kamati haikai. Ananitaka mimi.

Nikamwambia nitapoteza kazi. Akasema anajua. Hakuniambia kifungu chochote.

Jumanne, 6 Mei

Nimekubali. Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi kutoka mahakamani. Naandika kwenye meza ya jikoni, viatu bado miguuni, vile vipya.

Kifungu alivaa suti ya siku ya kustaafu kwake. Aliniuliza maswali matatu tu. La kwanza, kazi yangu. La pili: "Mbunge wa jimbo hili yuko wapi?" Nikasema, "Makaburini." Watu wakacheka, jaji akagonga meza. La tatu, kama kamati ya mfuko imekaa tangu Februari. Nikasema haijakaa, na kwamba faili la daraja liko mezani kwangu, na mama yangu anarushiwa dawa juu ya maji. Sauti yangu haikutetemeka. Nilijiona mtu.

Halafu akasimama wakili wa serikali. Binti mdogo, mpole, analingana na mpwa wangu. Aliniamkia kwanza. Akanionyesha karatasi.

"Mama, ripoti hizi ni zako?"

"Ndiyo."

"Na daftari hili la barua?"

"Ni langu." Sikujua wamelitolea nakala lini, kumbe ni mimi niliyekuwa naiambatisha kila mwezi.

"Tangu tarehe tatu Machi mpaka jana, mmepokea barua ngapi?"

"Mia mbili arobaini na moja."

"Ngapi hazijajibiwa?"

Na hapa ndipo ninapojichukia. Nilinyoosha mgongo kabla ya kujibu. Nilisema, "Hakuna hata moja," na nilisema kwa sauti ya mtu anayepokea zawadi. Mkono wangu uko juu, mwalimu hajamaliza swali.

"Zimejibiwa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya Mbunge."

"Zinasemaje? Tusomee yoyote, mama, uchague mwenyewe."

Nilifungua popote. Kalamu yangu, mwandiko wangu mzuri. Nikasoma. Akaniomba nyingine, nikasoma. Ya tatu ilikuwa namba 38. Niliiona ni ya nani na nikasoma hivyohivyo, maana nimeapa. Kifungu alikuwa anatazama kucha zake.

"Mheshimiwa Jaji," yule binti akasema, "shahidi wa mlalamikaji mwenyewe anathibitisha kwamba ofisi iko wazi, barua zinajibiwa zote, na masuala ya wananchi yanashughulikiwa. Madhara ambayo mlalamikaji anayalalamikia hayaonekani." Akanigeukia. "Ahsante sana, mama. Wewe ni mchapakazi."

Nilitaka kusema kwamba ni maneno tu, nilikuwa nayaandika ili watu wasivunjike moyo. Nilifungua mdomo. Jaji akaniambia niteremke, swali limekwisha. Hukumu tarehe kumi na mbili Juni.

Nje mvua ilikuwa inanyesha na Kifungu alinifunika kwa mwavuli wake mpaka kituoni. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 16 Mei

Barua sita. Nimezijibu. Sijui kuacha.

Jumanne, 20 Mei

Mlinzi amerusha, kopo limegonga jiwe katikati na kwenda na maji. Tumelifuata ukingoni mbio, mpaka kwenye matete. Ng'ambo mama alikuwa amesimama tu. Kliniki wanasema dawa za mgonjwa mmoja ni mara moja kwa mwezi, nirudi tarehe ishirini Juni au nilete barua ya mbunge.

Nimemwambia yule wa dirishani, "Mbunge amekufa." Akasema, "Lakini ofisi yake si ipo?"

Jumatano, 21 Mei

Nimezinunua dukani. Nimempa dereva wa lori la mchanga. Lori halina nafasi wala siku maalumu. Amesema litakapokwenda litakwenda.

Jumatatu, 2 Juni

Mama amepooza upande wa kulia.

Jirani alimkuta juzi asubuhi, mlangoni, kandambili moja mguuni. Walimbeba kwa machela ya miti mpaka barabara ya machimbo, wakakaa kusubiri, wakapandishwa kwenye lori juu ya mchanga. Dereva alikuwa na mfuko wangu wa dawa kwenye kiti chake cha mbele. Siku kumi zilikuwa hapo. Alinikabidhi mkononi hospitalini, akasema, "Pole, dada, ndiyo nilikuwa naelekea huko."

Daktari anasema presha ilikaa juu wiki nzima bila dawa. Mdomo umeenda upande. Anasikia kila kitu, macho yako vilevile, lakini neno halitoki. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata msibani.

Nimemleta kwangu. Nimeweka kitanda chake karibu na dirisha.

Jumanne, 3 Juni

Sikwenda kazini. Afisa amepiga: ripoti ya Mei iko wapi? Nimemwambia naumwa. "Pole sana. Basi itume kesho, maana mawakili wanaihitaji."

Sikuituma. Angalau hilo.

Jumatano, 11 Juni

Hukumu ya kesho imeahirishwa. Jaji amepata udhuru, sasa ni tarehe kumi na saba. Nilimpelekea Kifungu habari nyumbani. Nilimkuta anapalilia bustani yake kwenye matope. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini yeye alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa saa. Akauliza hali ya mama.

Jumapili, 15 Juni

Mvua imekatika. Kuanzia kesho uhai wa Bunge ni chini ya miezi kumi na miwili.

Jumanne, 17 Juni

Jaji amesoma dakika kumi na moja. Kwa kuwa muda uliobaki sasa hauilazimishi serikali kuitisha uchaguzi mdogo, shauri limepitwa na wakati. Hata hivyo, akaongeza, mahakama inatambua kwa kuridhika kwamba ofisi ya jimbo iliendelea kuwahudumia wananchi bila kukatika.

Aliyesemwa hapo ni mimi.

Tulitoka pamoja. Kwenye ngazi Kifungu akasimama kupumua.

"Karani, ile barua yangu ya Machi. Ulipoandika linashughulikiwa, ulikuwa unafikiria nini?"

Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata. "Sikuwa nafikiria, Mwalimu. Nilikuwa naijibu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kutoka kwa mwanafunzi ambaye hakumtegemea. Akafungua mwavuli wake ingawa jua lilikuwa kali, akaenda zake.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeamua kuacha kazi, nikaenda ofisini kuchukua vitu vyangu vichache. Chini ya mlango palikuwa na bahasha moja, chafu, imepita mikono mingi na mchanga mwingi. Mkono wangu ni mtumwa wa mazoea: kabla sijaketi nilikuwa nimeshaigonga IMEPOKELEWA na kuipa namba, 318. Ndipo nikaona mwandiko. Herufi kubwa tupu, zimekandamizwa hadi zimetoboa karatasi. Tarehe ishirini na nne Aprili, siku mbili baada ya lile kopo la kwanza. Imezunguka karibu miezi miwili kutoka ng'ambo ya mto ninaouona dirishani.

Naiandika hapa kama ilivyo.

KWA MAREHEMU MBUNGE. SHIKAMOO HUKO ULIKO INGAWA NIMEKUZIDI UMRI. MIMI NI MAMA WA KARANI WAKO. SIOMBI DARAJA. DARAJA NIMEOMBA MARA NNE NA MARA NNE NIMEJIBIWA. NAOMBA UNALOLIWEZA. MWACHIE BINTI YANGU. ANAKUSEMEA KILA SIKU MPAKA WATU WANADHANI UKO HAI. AKINYAMAZA WATASIKIA KWAMBA HAPANA MTU, NA WATAPIGA KELELE. SASA HIVI HAWAPIGI KWA SABABU WANAJIBIWA. NI MIMI MAMA YAKE, NINAYEANDIKA KWA MKONO WANGU.

Mkono wake wa kulia. Ule uliolala.

Nililia kwa sauti mpaka mlinzi akapanda kuuliza kuna nini. Nikamwambia barua. Akasema, "Ya nani?" Sikuweza kumjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kwenye ofisi ile mtu kuuliza na mimi kushindwa kujibu.

Alipoteremka nilivuta karatasi, nikaandika: Mama, mbunge alikufa mwezi wa Februari. Kiti kiko wazi na kitaachwa wazi. Kamati haikai. Daraja halijengwi. Suala lako hakuna anayelishughulikia. Mimi niliyekuandikia vingine nilikudanganya. Nikaweka jina langu, si kwa niaba ya mtu. Muhuri sikuugonga.

Nilimsomea jioni, nimeketi ukingoni mwa kitanda chake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha kwa mkono wa kushoto akaichukua karatasi, akaigeuza, akatafuta nyuma kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akanirudishia, akasukuma kwa kidole mara moja, mara mbili, kuelekea mlangoni. Nilidhani haitaki. Akasukuma tena, macho yamekaza, yaleyale ya siku zote, mpaka nikaelewa kwamba ananituma.

Nimebeba daftari la ofisi, liko hapa mezani, na rimu moja ya karatasi zao. Kesho naanza na namba moja. Zimebaki barua mia tatu na kumi na saba za kujibu upya.